Nani Alibeba Hiyo Ampu?

Kuna imani moja imetuingia sana sisi tunaopiga gita: kitu kizito ndicho kitu cha kudumu. Ukiinua ampu mgongo ukalia, wasee wanatikisa kichwa kwa heshima. Ukitoa ya kilo mbili kwa begi, wanakuuliza kama ni ya mtoto. Nimeisikia hiyo kanisani, nimeisikia mtaani, na nimeisikia Luthuli kwa wauzaji waliotaka niongeze pesa.

Mimi siikubali, na sababu zangu ziko kwa historia. Ukifuata miaka kama 70 ya hivi vyombo, unaona uzito ulitokana na mambo mengine kabisa, na mara nyingi kulikuwa na mtu mwingine wa kuubeba. Sisi tunabeba wenyewe. Kwa hivyo hili swali ni letu kuliko la wale tunaowaona wamesimama mbele ya ukuta wa spika.

Tuanze 1957, Liverpool, Uingereza. Kijana wa miaka 16 anayeitwa John Lennon ana gita ya bei ya chini, jina lake Gallotone Champion. Ndiyo aliyokuwa nayo tarehe 6 Julai mwaka huo, kwa sherehe ya kanisa mtaa wa Woolton, siku aliyokutana na Paul McCartney. Wengi hawajui kwamba hiyo gita ilitoka Afrika. Ilitengenezwa Afrika Kusini na kampuni ya Gallo, ileile iliyotoa santuri za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, mpiga gita na mwimbaji wa Kiswahili aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952 (mji huo siku hizi ni Likasi), na ambaye baadaye alikuja kufanya muziki hapa Nairobi. Ndani ya gita ya Lennon kulikuwa na karatasi imebandikwa, inaahidi kwamba gita hii haitapasuka.

Mbona mtu aahidi kitu kama hicho? Kwa sababu gita nzuri zilikuwa zinapasuka. Uso wa gita ya mbao halisi ni ubao mwembamba, milimita 3 hivi, na nyuzi za chuma zinauvuta kwa nguvu ya kama kilo 70 usiku na mchana. Halafu mbao inakunywa unyevu wa hewa. Ikae Mombasa mwezi mzima itavimba, ipande treni hadi Nairobi wakati wa kiangazi itasinyaa, na mahali gundi imeishikilia isisogee, inatoka ufa. Wembamba ndio unaoipa sauti tamu, na wembamba huohuo ndio unaoiua.

Gallo walitumia plaiwudi. Tabaka nyembamba zinabandikwa moja juu ya nyingine, nyuzi za mbao zikipishana, ili tabaka moja ikitaka kuvimba nyingine iikatalie. Sauti inakuwa butu kidogo, gita inakuwa nzito kidogo, lakini inasafiri. Ya Lennon ilifika mnadani London mwaka 1999 na ikauzwa kwa zaidi ya pauni 100,000. Pesa hizo ni za jina la Lennon, najua, lakini plaiwudi ilifanya kazi yake.

Sasa hapo unaweza kusema, si ndio umekubali, nzito ndiyo ya kudumu? Subiri. Miaka tisa baadaye, 1966, Mmarekani mmoja anaitwa Charles Kaman akaanza kuuza gita za Ovation. Kazi yake ya kawaida huyo mzee ilikuwa kutengeneza helikopta. Mabapa ya helikopta lazima yawe mepesi na lazima yavumilie mtikisiko usioisha, na mafundi wake walijua hiyo hesabu vizuri. Wakachukua nyuzi za kioo na gundi ngumu, wakafinyanga mgongo wa gita kama bakuli, kitu kimoja bila kona wala maungio. Hakuna ubao wa kupasuka huko nyuma. Mtu wa taarabu kule Mji wa Kale atakuambia mgongo wa udi umekuwa bakuli kwa karne nyingi, na atakuwa sawa. Umbo la mviringo lina nguvu bila kuongeza unene. Shida ya Ovation ni kwamba inateleza kwa mapaja ukiwa umeketi. Lakini ilionyesha kwamba kudumu kunaweza kutoka kwa umbo na aina ya kitu, bila kuongeza kilo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Leo Fender na Gibson, na hapa nitakaa kidogo.

Leo Fender hakuwa mpiga gita. Alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na duka la kutengeneza redio Fullerton, California, na watu walimletea vitu vilivyokufa kila siku. Mtu wa namna hiyo akiketi kuchora gita, anafikiria siku itakayorudishwa kwake imeharibika. Mwaka 1950 akatoa ile tunayoiita leo Telecaster. Mwili ni ubao mmoja bapa. Shingo imefungwa kwa skrubu nne. Shingo ikikataa kazi, unafungua skrubu nne, unaweka nyingine, unarudi kwa shoo. Kichwa kimenyooka na shingo yenyewe, hakijainama.

Mwaka 1952 Gibson wakaleta Les Paul. Gita nzuri sana, sitaki vita. Lakini shingo yake imegundishwa kabisa, na kichwa kimelazwa nyuma kwa digrii 17. Mbao pale nyuma ya kichwa imekatwa ikawa nyembamba, na nyuzi za mbao zinapita mshazari. Weka gita chali chini, kichwa ndicho kinachogusa sakafu kwanza. Ianguke kutoka kwa stendi, inavunjika palepale. Mafundi wa gita dunia nzima wamelisha familia kwa hiyo kona moja.

Na uzito? Les Paul za miaka ya 1970 zilifika kilo 4 na nusu, nyingine zaidi. Telecaster ya kawaida ni kilo 3 na nusu hivi. Nzito ndiyo inayovunjika. Tena uzito wenyewe unachangia, maana kitu kizito kinapiga chini kwa nguvu zaidi, na hiyo nguvu yote inatafuta mahali pembamba. Gibson walijua. Karibu na 1969 waliongeza kinundu cha mbao nyuma ya shingo, na wakapunguza ule mwinamo hadi digrii 14. Wapenzi wa gita wakalalamika kwamba si ya asili, na miaka ya 1980 kinundu kikaondolewa. Yaani kampuni ilitatua tatizo, wateja wakadai tatizo lirudishwe. Hii ni tabia yetu sisi wapiga gita na siwezi kuitetea.

Kwa ampu, Fender alifanya vilevile. Zile ampu zake za miaka ya 1950 zenye kitambaa cha rangi ya majani makavu, kile kitambaa kilikuwa cha kufunikia masanduku ya safari. Juu kuna mpini. Ndani, ubaoni, amebandika karatasi inayoonyesha kila valvu inakaa wapi. Vifaa vimepangwa kwa mstari kwa ubao mmoja na nafasi ya kutosha, ili fundi wa redio wa mji wowote afungue, aone, alehemu, afunge. Ndiyo maana leo unaweza kukuta ampu ya miaka 60 bado inanguruma. Watu wanaangalia hiyo ampu wanasema imedumu kwa sababu ni nzito. Imedumu kwa sababu kila kitu ndani yake kimeshabadilishwa, kimoja kimoja, na mtu aliyeweza kukifikia.

Kilo nyingi kabisa zilikuja Uingereza. Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la vyombo Hanwell, London, alianza kutengeneza ampu zake mwaka 1962, akifuata mfano wa Fender Bassman. Pete Townshend wa The Who alikuwa mteja, na alitaka sauti zaidi. Kufikia 1965 aliomba sanduku moja lenye spika nane za inchi 12. Akatengenezewa. Wabebaji wa bendi wakalijaribu, na migongo yao ikatoa jibu. Suluhisho likawa kulikata mara mbili: sanduku la spika nne chini, lingine la nne juu yake, na kichwa cha ampu kileleni.

Ule mnara ambao tunauona kwa kila picha ya roki, umbo lake liliamuliwa na watu ambao hatuna majina yao, waliokataa kuvunjika mgongo. Na hata baada ya kukatwa, sanduku la leo la aina hiyo lina kilo 36 hivi. Mawili, pamoja na kichwa cha kilo 20 hivi, unafika karibu kilo 90. Townshend mwenyewe alikuwa maarufu kwa kuvunja gita jukwaani, kwa hivyo suala la kudumu sidhani lilimnyima usingizi. Alikuwa na lori, alikuwa na watu, na gita nyingine ilikuwa inamngoja.

Mwaka 1969 Ampeg wakaleta SVT, wati 300, valvu 14, na Rolling Stones wakaibeba kwa ziara yao ya Marekani. Nikisema wakaibeba unajua namaanisha nani.

Sasa tujiulize hizo kilo zilikuwa za nini. Valvu zinahitaji volti mamia, kwa hivyo unaweka transfoma kubwa, na transfoma ni chuma na shaba. Spika zinahitaji sumaku, na sumaku za kawaida ni nzito. Celestion Vintage 30 moja ina kilo 4.7. Halafu mbao ya sanduku. Hakuna chochote hapo kiliwekwa ili ampu ivumilie kuanguka. Kinyume chake, transfoma ya kilo kadhaa imefungwa kwa bati jembamba, karibu na valvu za kioo. Iangushe kutoka kwa buti ya probox uone ni nini kitapinda.

Wepesi ulikuja polepole. Kwanza transista, lakini hizo peke yake hazikutosha: Roland JC-120 ya mwaka 1975 haina valvu hata moja na bado ina kilo 28, maana transfoma, spika mbili na mbao ziko palepale. Kabla ya hiyo, mwaka 1973, kulikuwa na Pignose, kaboksi ka wati 5 kanakotumia betri sita ndogo, kenye kitufe kama pua ya nguruwe. Watu walikacheka, halafu wakakanunua, maana ulikuwa unaweza kukabeba na mkono mmoja hadi kona ya barabara upige.

Mabadiliko makubwa yalikuwa mawili. Miaka ya 1980 General Motors ya Marekani na Sumitomo ya Japani zikagundua, kila moja kivyake, sumaku za neodimiamu, ambazo kwa kipande kidogo zinavuta kama sumaku kubwa ya zamani. Spika ya inchi 12 ikaweza kushuka hadi karibu nusu ya uzito. La pili ni njia mpya ya kupitisha stima. Stima ya ukutani kwetu inageuka mara 50 kwa sekunde, na kwa mwendo huo wa pole transfoma lazima iwe na chuma kingi. Ukiikatakata igeuke makumi ya maelfu kwa sekunde, chuma kinachohitajika kinakuwa kidogo sana. Chaja ya simu yako inafanya hivyo. Ampu nyepesi ya leo ni binamu wa chaja yako.

Kisha ikaja 1998, Line 6 wakatoa POD, umbo la haragwe jekundu, inayoiga sauti za ampu nyingi kwa programu. Leo kuna vibao vya kilo mbili vyenye sauti za ampu ambazo zingejaza lori zima. Na wengi wetu tunatumia simu tu.

Rafiki yangu anapiga gita kanisani huko Kayole. Aliweka akiba miezi saba akanunua ampu ya kilo tano, ya kubeba kwa boda. Nzuri, safi, sauti kubwa. Miezi minne baadaye stima ikapotea katikati ya ibada, ikarudi kwa kishindo venye tunajua, na ampu haikuamka tena. Duka alilonunua likamwambia bodi haitengenezeki, anunue nyingine. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akafungua, akaona vifaa vidogo kama chembe za mchele, vingine vimefutwa namba, na hakuna mchoro wa saketi popote. Akarudishiwa ampu na pole. Wazee wa kanisa wakasema, tulikuambia ununue nzito.

Hapo ndipo natofautiana na wazee, kwa heshima zote. Uwepesi haukuiua hiyo ampu. Imekufa kwa sababu haikutengenezwa ifunguliwe. Tumebadilishana kitu na hatukuambiwa: wakati wa kutoa zile kilo, waliondoa pia nafasi ya fundi. Vitu hivyo viwili havikuwa lazima viende pamoja.

Ushahidi? Angalia Boss. Mwaka 1977 Wajapani hao walitoa pedali ndogo, kasha la chuma chepesi cha kumiminwa, gramu 400 hivi. Mwaka uliofuata ikaja DS-1 ya rangi ya chungwa, na bado inatengenezwa mpaka leo. Inakanyagwa na viatu, inamwagiwa soda, inatupwa kwa begi. Kasha linabeba mguu wako, bodi haibebi chochote. Sehemu ya betri unaifungua kwa skrubu moja ya vidole. Zilipokuja pedali za plastiki za bei ya chini zilikuwa nyepesi zaidi, ndiyo, lakini plastiki na bodi zinabeba mguu pamoja. Tofauti haiko kwa mizani, iko kwa swali la nani anabeba mzigo ndani ya kifaa.

Babu zetu walilijua hili. Nyatiti ina bakuli la mbao na ngozi. Mpigaji anagonga ubao wake kwa pete ya chuma ya kidole cha mguu, shoo nzima, miaka nenda miaka rudi. Ngozi ikichoka inabadilishwa. Nyuzi nane zinabadilishwa. Hakuna duka linalomwambia mzee anunue nyatiti nyingine.

Kwa hivyo mimi nikienda kununua kitu siku hizi, sigusi mizani. Natazama tundu la kuchomeka waya. Hilo ndilo linalovutwa, linalokanyagiwa waya, linalokufa kwanza. Kama lina nati ya chuma inayolishika kwa kasha, vizuri. Kama limelehemiwa tu kwa bodi na linatokeza kupitia shimo la plastiki, kila ukijikwaa kwa waya unavuta bodi yenyewe. Halafu nageuza nahesabu skrubu. Kasha lililogundishwa ni ujumbe kutoka kwa kampuni. Mwisho naangalia stima inaingiaje. Ikiwa na adapta ya nje, siku stima itakaporudi kwa hasira kuna nafasi nzuri adapta ife peke yake. Adapta utaipata Luthuli, bora volti na ncha zilingane. Na kama ni ampu ya kuletwa kutoka Marekani inayotaka volti 120, usisahau kuongeza transfoma ya kushusha 240 zetu. Hizo ni kilo ambazo muuzaji hazitaji.

Limebaki begi, na hapa nitakubali uzito mahali pamoja. Mwaka 2008 mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alisafiri na ndege ya United kupitia Chicago, na gita yake ya Taylor ikavunjwa na wapakiaji. Kuitengeneza kuligharimu dola 1,200. Alizungushwa miezi mingi, akatunga wimbo kuhusu hiyo habari, na video yake ya 2009 ikatazamwa na mamilioni. Mwaka 2012 Marekani ikapitisha sheria kwamba gita iruhusiwe kupanda nawe ndani ya ndege kama kuna nafasi. Wanamuziki hawakupewa kasha zito zaidi, walipewa haki ya kushika gita yao wenyewe.

Ni hivyo hata kwa matatu. Kasha gumu la kilo tano linalinda vizuri, lakini makanga atalitupa kwa buti chini ya magunia, ama akuambie ulipe viti viwili. Begi laini lenye sponji nene, kilo mbili, linakaa katikati ya magoti yako na mkono wako juu yake. Kama gita itapakiwa na mtu mwingine, kasha gumu. Kama hutaiachilia, begi. Na weka kitambaa kilichokunjwa chini ya shingo pale nyuma ya kichwa, hasa kama una Les Paul ama ndugu zake wa bei nafuu. Wameirithi ile kona pamoja na umbo.

Ile ampu ya Kayole bado iko chini ya kitanda. Tumeamua haitupwi, maana spika yake ni nzima, na nataka tuone kama inaweza kuingizwa kwa sanduku lingine na ampu rahisi ya kujengwa na fundi. Kama unamjua mtu Nairobi, Nakuru ama Kisumu anayefanya kazi ya namna hiyo kwa bei ya wanafunzi, niachie eneo lake hapo chini. Kuna watu wengi wananiuliza.